Simu kutoka Mtongwe: Kwa nini sauti hubanwa kisha hukingwa

MKAZI wa Mtongwe anapompigia simu jamaa yake aliye kisiwani, ng'ambo ya bandari ya Kilindini, sauti yake hufanyiwa kazi mbili zinazoonekana kupingana. Kwanza hupunguzwa, kisha huongezwa.

Kupunguza ndiko kubana data. Masafa ya redio ni haba na watumiaji ni wengi, hivyo simu huondoa katika sauti yale yanayoweza kubashiriwa.

Hata hivyo, kilichobanwa huwa dhaifu. Tuchukue ujumbe huu: "Sitafika, nimekwama, msiningoje." Herufi ya kwanza ikiharibika ikasomeka "Nitafika", maneno yaliyosalia yatalifichua kosa. Lakini ujumbe ukibanwa ukabaki "Sitafika" pekee, herufi hiyo moja ikigeuka, mwenyeji atangoja bure kivukoni.

Ndipo inapohitajika kazi ya pili, yaani kuongeza biti za kinga. Hizi humwezesha mpokeaji kugundua na kurekebisha makosa yanayotokea mawimbi yanapofifia au kugonga majengo na vyuma vya meli.

Mwaka 1948, mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alionyesha kuwa kazi hizi zaweza kutenganishwa bila hasara. Lakini hilo huhitaji ujumbe mrefu mno, na wanaozungumza kwa simu hawawezi kusubiri.

Kwa sababu hiyo, waliobuni simu za mfumo wa GSM waliziunganisha. Katika muundo wake wa kwanza, sauti hukatwa vipande vya sekunde 0.02, kila kimoja kikibanwa hadi biti 260.

Biti 50 zilizo muhimu zaidi hupewa ukaguzi pamoja na kinga, na nyingine 132 hupewa kinga pekee. Zilizosalia 78 huachwa wazi, kwani zikiharibika sikio husikia mkwaruzo tu. Hatimaye biti 456 hurushwa hewani.

Mfumo wa AMR, uliofuata mwishoni mwa miaka ya 1990, uliruhusu mgawo huo kubadilika. Mawimbi yakiwa imara, sauti hupata biti nyingi. Yakififia, sauti hubanwa zaidi na nafasi iliyookolewa hupewa kinga. Jumla haibadiliki.

Hivyo, sauti ya jamaa yako ikipungua utamu mawimbi yanapofifia, huenda simu imeutoa utamu huo kafara ili neno lifike. Ni heri "sitafika" yenye mikwaruzo kuliko sauti nzuri inayokatika kabla ya kueleweka.