Nani Atamfunga Mwizi wa Kikoa?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi hata nimelichukia, na wa mwisho kuniuliza ni mfanyabiashara wa vipuri wa Tandika, ambaye aliiweka simu yake juu ya kabati la kioo lililojaa nati na bolti, akanionesha barua pepe iliyoingia saa 9 usiku ikimwarifu kwamba ombi la kulihamisha jina lake la .com kwenda kwa msajili mwingine limepokewa; kisha, pasi na kutaka kujua ombi hilo limetokea wapi, wala sanduku lake la barua limeingiliwa vipi, akasema: "Mzee wangu, hawa ICANN, wasimamizi wa majina ya intaneti, watamfunga lini huyu?"

Hawatamfunga, wala hawana pa kumfungia. Dhana kwamba huko California kuna serikali ya intaneti yenye askari, mahakimu na magereza imeenea Kinondoni na Temeke mithili ya homa, na wajanja wameshaifanya duka, wakitoza watu fedha ili "wawaandikie ICANN", ilhali shirika lile, lililoundwa mwaka 1998, nguvu zake zote zimo katika mikataba yake na wasajili na watunza madaftari: laweza kumvua msajili idhini yake, lakini juu ya yule laghai aliyejifanya wewe halina bakora wala pingu. Utaratibu wa UDRP wa mwaka 1999, ambao kila anayenijia amekwisha kuusikia na hakuna aliyeusoma, uliwekwa kwa ajili ya ugomvi wa alama za biashara, na waamuzi wake hawana uwezo ila kulihamisha jina au kulifuta. Hawatozi faini hata ya senti moja. Na ikiwa jina lako laishia .co.tz, ambalo daftari lake liko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), basi kuandika California ni kumshitaki mwizi wa kuku kwa fundi kufuli, tena fundi ambaye kufuli lenyewe hakuliuza yeye.

Wanaoadhibu wezi hawa ni mahakama. Huko Marekani, mwaka 1995 Stephen Cohen alitumia barua ya kughushi kumpokonya Gary Kremen jina la kikoa ambalo staha hainiruhusu kulitaja gazetini. Aliyemhukumu mwaka 2001 kulipa dola milioni 65 ni jaji wa mahakama ya shirikisho. Na mwaka 2003 mahakama ya rufani ikakata shauri kwamba jina la kikoa ni mali, na mali huibwa. Daniel Goncalves, aliyeiba p2p.com mwaka 2006, alifungwa miaka 5 huko New Jersey, nako pia kwa kazi ya polisi na waendesha mashitaka.

Hapa petu tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kwa kughushi kwa kompyuta iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7. Na anayesema kwamba maadamu jina halikutoka basi hakuna kesi, huyo hajapata kuifungua Kanuni ya Adhabu, kwani kujaribu kutenda kosa ni kosa.

Ila kabla hujamwita mtu mwizi, tazama kwanza jina limesajiliwa kwa nani, maana aghalabu nikichungulia humkuta kijana wa Sinza aliyetengeneza tovuti, akalisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Hapo huna mwizi, una shauri la madai.

Kama ni lako kweli, mpigie msajili wako leo hii apinge ombi na kulifunga jina; badili neno la siri la barua pepe kabla ya jingine lolote; usifute ile barua, wala usiridhike na picha ya skrini, kwani mahakama itataka barua yenyewe pamoja na vichwa vyake; omba kwa maandishi kumbukumbu za kuingia kwenye akaunti yako; kisha nenda kituo cha polisi cha Chang'ombe au Oysterbay uchukue RB, yaani namba ya taarifa ya kosa. Kwa jina la .com, msajili wako asipopinga ndani ya siku 5, ombi hupita kana kwamba limeridhiwa. Bwana wa Tandika alinijia siku ya 4.