Wezi Wawili wa Mpunga wa Kyela

Sisi tukaao Kyela, ufuoni mwa Ziwa Nyasa upande wa kaskazini, twaujua mpunga kuwa ndio chakula chetu na fedha yetu. Lakini wako wezi wawili waunyonyao mizizini.

Wa kwanza ni kiduha, mwenye maua mekundu, akaaye mashamba ya juu yasiyotuama maji. Wa pili ni mbosyo, mwenye maua meupe yafunukayo usiku, akaaye mabondeni.

Wataalamu huwahesabu kuwa jamaa moja, ila katika wizi hawakufika mbali sawasawa. Mbosyo akikosa mpunga aweza kuishi peke yake, ingawa kwa udhaifu. Kiduha hawezi. Mbegu yake hungoja udongoni, pengine miaka mingi, hata ionje dawa itokayo katika mzizi wa mpunga au mahindi, ndipo humea. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba wamezisoma jeni za kiduha, yaani maagizo ya urithi yaliyomo mwilini mwake. Waliona jeni za kuitambua dawa hiyo zimeongezeka sana, na nyingine za maisha ya kujitegemea zimepotea.

Elimu hii yamfaa nini mkulima? Majaribio yaliyofanywa Kyela yalionyesha kwamba penye mbosyo yafaa kupanda mapema, mpunga utangulie kupata nguvu. Bali penye kiduha yafaa kukawia kidogo, kwa mbegu iivayo upesi.

Basi kabla ya kupanda tuulizane: mwizi wa shamba hili ni yupi? Na tumwonapo, tumng'oe kabla hajazaa mbegu.