BMW Z3 na Porsche Boxster: Lipi litahifadhi mtaji?

Ziada ya mavuno ya zabibu au mauzo ya mifugo huko Mvumi, kusini-mashariki mwa mji wa Dodoma, kwa kawaida hurudi kwenye ng'ombe, kiwanja au mashine ya kusaga. Anayefikiria kuiweka kwenye gari la michezo la kutunzwa, apande bei mwaka hadi mwaka, hana budi kwanza kupiga hesabu ya bandarini.

Magari yanayoshindanishwa zaidi kwa wenye mtaji wa kati ni mawili ya Kijerumani, yote ya viti viwili, paa la turubai na yenye matoleo ya silinda sita. BMW Z3 iliundwa Spartanburg, Marekani, kati ya 1995 na 2002. Porsche Boxster ya toleo la kwanza iliundwa kati ya 1996 na 2004, nyingine zikitoka Finland. Z3 ya lita 2.8 ina nguvu za farasi 193, Boxster ya lita 2.5 ina 204. Tofauti hiyo si ya kumnyima mtu usingizi. Zenye usukani wa kulia hutafutwa Japani na Uingereza.

Kodi haibagui kati yake. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, gari dogo la abiria hulipiwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, asilimia 30 kwa umri unaozidi miaka 10, kisha VAT asilimia 18. Chukua mfano wa gari lililothaminiwa shilingi milioni 20 likifika bandarini. Forodha inalifikisha milioni 25, ushuru wa bidhaa milioni 35, na VAT milioni 41.3, kabla ya ada ndogo ndogo. Maana yake bei ya gari inatakiwa ipande zaidi ya mara mbili ndipo mwenyewe arudishe fedha zake tu.

Tofauti kubwa imo kwenye injini. Ya Z3 imekaa mbele na ni ya ukoo mmoja na zile za BMW za kawaida za familia, hivyo spea na mafundi wapo Dar es Salaam. Udhaifu wake ni mfumo wa kupoza, wenye sehemu za plastiki zinazopasuka, na sakafu ya buti inayochanika pale difu iliposhikizwa. Injini ya Boxster imejificha nyuma ya viti. Beringi ya shafti yake ya kati ikivunjika huua injini nzima, na hofu hiyo ndiyo imeishusha bei yake kwa miaka mingi. Rejeta zake zimekaa chini mbele, zikikusanya majani na vumbi. Barabara ya Mvumi wakati wa kiangazi ina vumbi la kutosha.

Jua nalo hula. Dirisha la nyuma la Z3 ni la plastiki, na la Boxster pia hadi lilipowekwa kioo kwenye magari ya 2003. Plastiki hiyo hukakamaa na kufifia.

Kwa mnunuzi wa hapa, Z3 ndiyo yenye hatari ndogo. Boxster inamfaa mwenye fundi wa uhakika na mnunuzi wa nje. Ng'ombe hupata mteja mnadani siku ile ile. Gari la namna hii laweza kungoja miezi. Na kabla ya kutuma fedha za Boxster, mwuzaji atoe hati ya gereji inayoonyesha beringi hiyo ilibadilishwa lini, na klachi ilifunguliwa lini, kwani kazi hizo mbili hufanywa pamoja.