Gitaa la Nyuzi 12 la Lushoto: Tulipokee au Tuliache?



Katika mambo yatakayoletwa mbele ya Mkutano Mkuu ujao, baada ya hesabu za mwaka na habari za miche, liko moja ambalo halijapata kujadiliwa katika chama chetu: gitaa. Tumepewa gitaa la nyuzi 12, lililotengenezwa Japani, na mwenye kulitoa yuko Lushoto katika milima ya Usambara. Bei hakutaja, ila ametoa sharti. Kwa kuwa wanachama wengi wameuliza chama cha wakulima kina haja gani na gitaa, na wengine wameuliza nyuzi 12 ni za nini ikiwa 6 zatosha, twaona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili kabla ya mikono kuinuliwa.

Habari yenyewe ni hii. Sisi wa Kamati tulivuka bahari hadi Tanga, tukapita Muheza, Korogwe na Mombo, kisha tukapanda mlima kwa njia ya Soni hadi Lushoto, kutazama jinsi wakulima wa huko wanavyozuia udongo usichukuliwe na mvua kwenye miteremko. Habari za makinga-maji tutazileta katika toleo jingine. Huko tulikaribishwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye marehemu baba yake alikuwa na mikarafuu Pemba. Alituuliza habari za msimu, za makonyo, za barabara za mashamba. Baada ya chai akaenda chumbani, akarudi na sanduku jeusi. Gitaa lililokuwamo alilinunua kwa baharia, bandarini Tanga, katika miaka ya 1970, na kwa miaka mingi alilipiga harusini na shuleni. Sasa vidole vyake vina baridi yabisi. Alituambia: "Wanangu, gitaa likitundikwa ukutani hugeuka picha. Mimi picha ninazo nyingi."

Sasa tueleze nyuzi 12. Gitaa la kawaida lina nyuzi 6, kila mmoja peke yake. Hili lina jozi 6. Katika jozi mbili nyembamba, nyuzi zote mbili hutoa sauti moja. Katika jozi nne zilizobaki, uzi mmoja ni wa sauti nzito, na mwenziwe hutoa sauti ile ile kwa juu. Kidole kimoja hubana nyuzi mbili pamoja, na kwa kuwa nyuzi mbili hazilingani kabisa kabisa, sauti hutoka pana na yenye kumetameta, hata mtu aliye chumba cha pili hudhani wapigaji ni wawili.

Jambo hili si geni kwa mtu aliyelelewa pwani. Udi wetu aghalabu una nyuzi 11, yaani jozi tano na uzi mmoja wa peke yake. Ganuni nayo, kwa sehemu kubwa, ina nyuzi tatu kwa kila sauti. Anayejua kulinganisha udi ameshajua nusu ya kazi ya gitaa hili. Wala kusema ni la Kijapani hakulifanyi kuwa mgeni. Mwaka 1912, katika mji wa Nagoya, Morita Goro alibuni kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo mfano wa taipureta, kikaitwa taishogoto. Kilisafiri mpaka pwani yetu, na watu wa Mombasa na Lamu wakakiingiza katika taarab kwa jina la tashkota. Na hapo Tanga, kabla mtu hajaanza safari ya kwenda Lushoto, ndipo Black Star Musical Club ilipoingiza gitaa la umeme katika taarab, wenye kushika desturi wakanung'unika, kisha vikundi vingine vikafuata.

Magitaa ya Japani nayo yana historia yake. Yamaha Torakusu alianza kazi ya vinanda mwaka 1887, na kampuni iliyotokana na kazi yake huko Hamamatsu ilitoa magitaa yake ya aina ya FG mwaka 1966. Miaka hiyo vijana wa Marekani na Ulaya walipenda sana nyimbo za gitaa, na lile la nyuzi 12 lilikuwa limerudi kwa nguvu mikononi mwa watu kama Pete Seeger. Viwanda vya Japani vikatengeneza kwa wingi na kuuza nje kwa bei ya chini. Magitaa mengi ya wakati huo yalifanywa kwa mbao za tabaka, yaani plaiwudi. Wapenda ala huzidharau, kwa sababu ubao mzima hutoa sauti nzuri zaidi kadiri unavyozeeka. Walakini plaiwudi haipasuki upesi hali ya hewa inapobadilika, na kwa kisiwa kama chetu hiyo ni sifa.

Basi shida iko wapi? Iko katika mvuto. Nyuzi 6 za chuma, zikikazwa kwa sauti ya kawaida, huvuta kwa nguvu ya kilo kama 70. Nyuzi 12 hupita kilo 100, yaani mizigo miwili ya kilo 50 ikining'inia usiku na mchana kwenye kisanduku cha mbao ambacho mtoto aweza kukibeba. Miaka ikipita, shingo hupinda, tumbo la gitaa huvimba, na kile kibao kinachoshika nyuzi, kiitwacho daraja, huanza kubanduka. Nyuzi zikaenda juu, mbali na shingo, mpigaji akaumia vidole, akaliacha. Magitaa mengi ya namna hii yamekufa hivyo, hali yanaonekana mazima.

Gitaa la mzee tulilitazama kwa makini. Shingo tuliiangalia kwa jicho moja, toka kichwani kwenda chini, kama fundi anavyotazama ubao: imenyooka. Kisha tulipitisha ukingo wa karatasi nyuma ya daraja. Uliingia kidogo, kiasi cha unene wa ukucha, upande mmoja tu. Maana yake gundi imeanza kuachia. Fundi mwenye vibano na gundi nzuri aweza kulirudisha mahali pake, lakini likiachwa hivyo na kukazwa kama kawaida, siku moja litang'oka na kuondoka na ubao wa juu.

Mzee ameliweka hai muda wote huu kwa desturi moja. Halikazi hata siku moja mpaka sauti ya kawaida. Hulishusha kwa sauti nzima moja, na akitaka kuimba na wenziwe wenye ala nyingine, hufunga kapo, yaani kile kibanio cha shingoni, kwenye chuma cha pili. Kushusha kiasi hicho hupunguza mvuto kwa karibu sehemu moja katika tano. Gitaa la mvuto wa kilo 110 laondolewa kilo zaidi ya 20. Mmarekani Huddie Ledbetter, aliyejulikana kwa jina la Lead Belly na kufariki mwaka 1949, naye alilipiga gitaa lake la nyuzi 12 likiwa limeshushwa sana, na hapana aliyesema sauti yake ilikuwa dhaifu.

Jambo la pili ni hewa. Lushoto iko juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kuna ukungu na baridi, lakini hakuna chumvi ya bahari wala joto letu. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, nasi wenye karafuu hatuhitaji kufundishwa hilo. Kilo 3 za karafuu mbichi zikianikwa hubaki kama kilo 1, na hiyo kilo moja ikiwekwa penye unyevu hurudi kuvuta maji na kuharibika. Gitaa ni vivyo hivyo. Likishuka toka mlimani hadi kisiwani litavimba, na joto litalainisha gundi ambayo tayari imeanza kuachia. Kwa hiyo likisafirishwa ni lazima nyuzi zilegezwe, lisiachwe ndani ya gari juani, na likifika likae sandukuni, mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko. Nyuzi za chuma nazo zitashika kutu upesi kuliko kule, na seti ya nyuzi 12 haipatikani kila duka. Uzi ulio mwembamba kuliko wote, ule wa juu katika jozi ya tatu, una unene wa kama sehemu mbili za kumi za milimita, na ndio unaokatika mara kwa mara.

Liko na neno ambalo halimo katika vitabu vya magitaa vya Ulaya, kwa sababu huko hawachumi karafuu. Mafuta ya karafuu hulainisha baadhi ya plastiki na vanishi. Mtu aliyetoka kuchambua karafuu akashika gitaa bila kunawa kwa sabuni ataacha alama za vidole zisizofutika. Wala lisiwekwe ghalani hata kwa usiku mmoja.

Tuje kwenye sharti. Mzee ametoa gitaa bure, ila lipigwe mbele ya watu, katika harusi, mikutano au mabaraza ya Idi, na vijana wafundishwe. Mwaka ukipita bila kupigwa, lirudishwe Lushoto kwa gharama zetu. Tulimwomba siku za kufikiri, akakubali.

Ndani ya Kamati rai ni tatu. Ya kwanza yasema tulipokee kisha tuliuze, kwa kuwa magitaa ya zamani ya Japani sasa yana wanunuzi ng'ambo, na fedha zinunue majamvi mapya ya kuanikia. Haja ya majamvi ni ya kweli, na aliyeisema ni mtu ambaye karafuu zake zilinyeshewa msimu uliopita. Ya pili yasema tusilipokee kabisa. Baadhi ya wazee wetu hawaridhii ala za muziki ziwe katika ofisi ya chama kwa ajili ya dini, na wengine wanaogopa kwamba kitu cha wote huwa si cha mtu. Ya tatu yasema tulipokee kwa sharti lake.

Sisi katika uandishi hatutaficha tunakosimama. Rai ya kwanza hatuwezi kuiunga mkono. Kitu kilichotolewa kwa sharti ni amana, na anayepokea amana huku amekwisha kuipangia bei amekwisha kuivunja. Chama hiki huishi kwa kuaminiana. Mwanachama hupimiwa karafuu zake, huandikiwa, hurudi nyumbani na karatasi. Tukimfanyia mzee wa watu hila juu ya gitaa, kesho nani ataamini karatasi yetu?

Rai ya pili ina uzito, nasi twaiheshimu. Lakini dawa yake ipo. Gitaa lisikae ofisini. Likae nyumbani kwa mtu mmoja mwenye jina, aliyekubali mbele ya mkutano. Mtu huyo awe anajua kulinganisha nyuzi, maana gitaa hili laweza kumla mtu robo saa kabla ya wimbo wa kwanza. Awe na saburi ya kulegeza nyuzi akimaliza, na kukagua daraja kwa karatasi kila mwezi. Chama kitoe fedha za fundi mara moja, na za nyuzi kila mwaka, fungu ambalo litaandikwa wazi katika hesabu.

Wako wanaosema vijana wetu wana simu, na ndani ya simu zipo sauti zote. Ni kweli. Lakini simu haimlazimu kijana kukaa karibu na mtu mzima ili aonyeshwe mahali pa kuweka kidole. Gumba hushika mwendo wa chini, kidole cha shahada huimba juu, namna ile ile aliyoipiga Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Kwenye nyuzi 12 kidole lazima kiguse zote mbili za jozi, la sivyo sauti hutoka nusu. Hilo halisomwi, huonyeshwa. Mzee yu tayari kumfundisha mmoja wetu kwa wiki mbili nyumbani kwake, maadamu vidole vyake bado vyaweza kuonyesha ingawa havina nguvu ya kubana. Nafasi hiyo haitangoja misimu mingi.

Basi twawaomba wanachama wa kila tawi waje mkutanoni na jibu la swali moja: ni nani katika tawi lenu atakayekubali kwenda Lushoto wiki hizo mbili, arudi na gitaa, alitunze? Likipatikana jina, tutapiga kura. Lisipopatikana, tutamwandikia mzee barua ya shukrani na kumwambia kweli, gitaa libaki lilipo, katika baridi inayolifaa. Majina yapelekwe kwa makatibu wa matawi siku saba kabla ya mkutano.