Posho Iliisha, Sheria Zikabaki

Franklin Roosevelt alipoapishwa kuwa rais wa Marekani, Machi 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Aliyedunduliza akiba yake kwa miaka ishirini alifika benki akakuta kufuli. Serikali ikaanzisha mfululizo wa hatua za kunusuru uchumi zilizojulikana kama New Deal.

Zinapotajwa, wengi hukumbuka kwanza ajira za umma. Kikosi cha vijana cha CCC kilipokea vijana wapatao milioni 3 kati ya 1933 na 1942, wakapanda miti inayokadiriwa kufika bilioni 3. Kila kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na takriban 25 kati ya hizo zilikwenda kwa wazazi wake. Lakini Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, miradi hiyo ilifungwa na posho ikakoma. Sheria ndizo zilizobaki.

Chukua bima ya amana. Kabla yake, uvumi tu uliweza kuiua benki. Mmoja husikia benki inayumba, anakimbilia dirishani kutoa fedha zake, wenzake wanamfuata, na hata benki imara huanguka, kwa kuwa fedha nyingi za wateja haziko kabatini. Ziko mikononi mwa waliokopa. Sheria ya 1933 iliunda shirika la kuwalipa wenye amana benki ikifilisika, hadi dola 2,500 kwa kuanzia. Mwaka ule benki zipatazo 4,000 zilisimamisha shughuli. Mwaka 1934, kati ya zenye bima zilianguka 9 tu. Ni kweli kwamba nyingi dhaifu zilikuwa zimeshachujwa. Hata hivyo, uhakika wa kulipwa ulimtuliza mtu nyumbani kwake kabla hata senti haijatolewa. Wazo hilo limesafiri mbali: leo mwenye akaunti nchini Kenya analindwa hadi shilingi 500,000 katika benki moja.

Sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 nayo ingali hai. Ida May Fuller wa Vermont, wa kwanza kupokea pensheni yake ya kila mwezi, alilipwa dola 22.54 mwaka 1940, akaishi hadi miaka 100. Lakini sheria ile iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani, kazi walizozifanya Wamarekani Weusi wengi. Iliwabidi wangoje hadi miaka ya 1950.

Kwenye nyumba mambo yalikuwa mabaya zaidi. Serikali ilipoanza kudhamini mikopo ya nyumba, mwaka 1934, mitaa ya Weusi ilihesabiwa kuwa ya hatari, ikanyimwa dhamana. Ubaguzi wa namna hiyo ulipigwa marufuku mwaka 1968. Kwa familia ya kawaida nyumba ndiyo urithi, na aliyenyimwa mkopo hakuwa na cha kuwaachia wanawe. Pengo hilo la mali lipo mpaka leo, na kwangu mimi hilo ndilo kosa zito kuliko yote ya mpango ule.

Kwa hiyo, msomaji, serikali yako ikitangaza nafuu wakati wa dhiki, usiulize kiasi cha fedha peke yake. Omba kuiona sheria yenyewe, uangalie kama dada wa kazi na kibarua wa shamba wametajwa.