Kikoa cha Protini na Matumizi ya -KA- na -KI-

Mtu atakaye kueleza kwa Kiswahili jinsi jeni isomwavyo katika seli zetu huenda akaandika hivi: "Jeni hunakiliwa, nakala ikavikwa kofia, ikaondolewa introni, ikakatwa mwisho, ikatiwa mkia." Sarufi yake haina ila; ila imo katika elimu yake. Kiambishi -ka- hufuatanisha matendo, na msomaji hufahamu kwamba la kwanza limekwisha ndipo la pili likaanza. Mambo hayaendi hivyo.

Nakala ya RNA ya jeni zitengenezazo protini huandikwa na kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi II. Sehemu yake iliyo kubwa kupita zote ina ncha ndefu, iliyolegea mfano wa utepe, ambayo ndani yake asidi amino saba hurudiwa kwa mpango mmoja: tairosini, serini, prolini, threonini, serini, prolini, serini. Katika hamira mpango huu hurudiwa mara 26, na katika binadamu mara 52, ijapokuwa marudio mengine hupotoka kidogo. Habari za utepe huu zilitangazwa mwaka 1985.

Utepe hutiwa alama za fosfeti. Mwanzoni mwa jeni alama huwa nyingi juu ya serini ya tano, nazo huvuta vimeng'enya vya kofia. Hivyo RNA huvikwa kofia ingali na nyukilotidi 20 hadi 30 hivi. Polimerasi iendeleapo, alama hizo hupungua, na zile za serini ya pili huzidi. Hizi huvuta protini za kukata mwisho wa nakala, mojawapo ikiwa ni Pcf11, yenye kikoa chake cha kuushika utepe. Hata introni, zilizogunduliwa mwaka 1977 na makundi ya Phillip Sharp na Richard Roberts, nyingi huondolewa polimerasi ikiwa safarini.

Kwa hiyo kiambishi kitufaacho ni -ki-: "Nakala huvikwa kofia na kuondolewa introni ikiandikwa." Twaweza kuibakiza -ka- mahali pamoja tu kwa haki, napo ni mwishoni: "Hukatwa, ikatiwa mkia wa adenini", maana mkia hauna pa kushika kabla ya kukatwa.

Jambo hili si la wanasarufi peke yao. Mwaka 1997 yalitangazwa majaribio ya seli za mamalia ambamo utepe ulifupishwa, na uondoaji wa introni pamoja na ukataji wa mwisho vikaharibika. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa -ka- hawezi kuyaeleza: ikiwa mwandishi amekwisha kuondoka, kwa nini kilema chake kimdhuru mhariri?

Limebaki neno *kikoa*. Watu wa pwani husema "kula kikoa", yaani kula pamoja, kila mmoja akiandaa chakula kwa zamu. Utepe huu nao ni mahali pa zamu, kila protini ikija kwa wakati wake. Tofauti ni kwamba mwenyeji habadiliki. Hata hivyo neno lachukua maana ya ushirika na ya zamu pamoja, nasi tungekosea kuliacha.