RUBANI ASIYEONA NJE

Wengi wetu hapa shuleni hutamani urubani. Basi napenda kueleza jambo moja lililowaua marubani wengi wa ndege ndogo. Nalo si ubovu wa injini. Ni kuingia mawinguni bila kujua kuendesha kwa kutazama vipimo.

Mtu hujua kuwa yu wima kwa macho yake, na kwa maji kidogo yaliyomo ndani ya sikio. Wingu likifunika macho, hubaki sikio, na sikio hudanganya. Ndege ikilala upande polepole, maji yale hayatoi habari. Rubani hudhani yu sawasawa, kumbe anazunguka na kushuka. Huvuta usukani ili apande, lakini kwa kuwa ndege imelala, mzunguko huzidi kukaza mpaka chini.

Mwaka 1954 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasiozoea vipimo, wakawazuia wasione nje. Wote walishindwa kuitawala ndege, kwa wastani wa sekunde 178 tu. Walipofundishwa namna ya kugeuka na kurudi, karibu wote walifaulu.

Usiku wa tarehe 3 Februari 1959, waimbaji Buddy Holly, Ritchie Valens na J. P. Richardson walipanda ndege ndogo katika jimbo la Iowa, maana walichoshwa na basi lenye baridi kali. Rubani alikuwa kijana wa miaka 21, asiye na cheti cha kuruka kwa vipimo. Aliuliza habari za hewa mara kadhaa, lakini maonyo mawili makubwa hakuambiwa. Theluji ilikuwa ikianguka, na giza lilikuwa nene. Hawakufika hata maili 6. Wakafa wote wanne. Wachunguzi walisema kwamba chanzo kilikuwa uamuzi usio wa busara wa kuondoka.

Tazameni, basi: uamuzi mkubwa hufanywa ndege ikiwa bado chini. Abiria wana haraka, na rubani huona haya kusema, "Leo hatuendi." Lakini neno hilo ni sehemu ya kazi yake, sawa na kushika usukani. Na akiwa angani akaona wingu mbele, ageuke mara moja, arudi kulikokuwa kweupe. Wazee walisema: kawia ufike.